Simu za Kuuziwa Vitu: Namba Inavyovuja na Namna ya Kuzipunguza

Simu ya kuuziwa kitu ambacho mtu hakukiulizia huanza kwa adabu. Mpigaji huamkia vizuri, humtaja mwenye simu kwa jina, kisha huomba dakika mbili tu. Anachouza ni bima ya mazishi, mkopo wa haraka, kiwanja kinachosemekana kiko karibu na Malindi, au siku tatu za mapumziko hotelini ambazo mwenye simu anaambiwa "ameshinda", ijapokuwa hakuingia shindano lolote. Katika mtaa wa Ganjoni, upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, ambako nyumba za kukaa zimechanganyika na gereji na afisi za mawakala wa forodha, simu za namna hii huingia wakati wowote: mtu yuko kwenye foleni ya benki, yuko sala ya adhuhuri, au ameshika usukani.

Ushauri unaotolewa upesi ni kutopokea namba ngeni. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu ambaye riziki yake haitegemei simu. Wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini hawezi kuufuata, kwa sababu namba asiyoijua huenda ikawa ya dereva wa lori aliyezuiwa kwenye mizani ya Mariakani. Fundi wa friji, mama anayepika biriani ya oda, mshonaji wa mabuibui na dereva wa tuktuk wote hupata kazi kupitia namba ngeni. Hata namba za nje ya nchi haziwezi kukatwa zote kwa mkupuo, kwani familia nyingi za Mombasa zina ndugu Maskati, Dubai au Jeddah, na ndugu hao hubadilisha laini. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuwatenga wapigaji: nani aachwe apite, nani aambiwe asipige tena, na nani akatiwe papo hapo.

Wapigaji wasiotakiwa ni wa aina tatu, na kila aina ina dawa yake. Wa kwanza ni muuzaji halali, aliyeajiriwa na kampuni iliyosajiliwa na ambaye mara nyingi hulipwa kwa kamisheni. Huyu anafungwa na sheria na ana mwajiri anayeweza kushtakiwa. Wa pili ni mdai wa mikopo ya simu, anayempigia mtu kuhusu deni la mtu mwingine. Wa tatu ni tapeli, ambaye hujifanya muuzaji au mhudumu wa kampuni ya simu ili apate pesa au siri za akaunti. Kosa linalofanywa na wengi ni kuwajibu wote kwa njia moja: kumtukana muuzaji, ambaye angeondoa namba kama angeombwa vizuri, na kubishana na tapeli, ambaye anachotaka ni mazungumzo yaendelee.

Kabla ya dawa, ni vyema kujua namba inatoka wapi. Njia moja haihitaji namba kuvuja hata kidogo. Namba ya simu ya Kenya ina tarakimu 10. Nne za mwanzo, kama 0722, zinajulikana na kila mtu. Sita zilizobaki hutoa namba milioni 1 kamili kwa kila mwanzo mmoja. Mashine inaweza kuzipiga kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, bila kujua ni za nani. Dalili ya simu ya aina hii ni kwamba mpigaji hajui jina la anayempigia, au kunakuwa na kimya cha sekunde mbili tatu kabla ya sauti kusikika, kwa sababu mashine inatafuta mhudumu aliye huru.

Mpigaji anayetaja jina ana orodha. Chimbuko la orodha hizo mara nyingi ni vitu vidogo ambavyo watu wameshavizoea. Chukua daftari la wageni kwenye lango la jengo la ghorofa. Lina safu za jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, nyumba anayokwenda mgeni, saa na sahihi. Soja humkabidhi mgeni kalamu, na mgeni anapoinama kuandika huona ukurasa mzima wa waliomtangulia. Mwenye nia mbaya hahitaji kuiba daftari. Anatosheka na kuupiga picha ukurasa kwa simu yake wakati soja anafungua geti. Daftari likijaa hutupwa kwenye kona ya chumba cha walinzi, na halina anayeliulizia tena. Soja mwenyewe hana lawama, maana ametumwa. Mgeni, hata hivyo, anaweza kumwomba ampigie mwenyeji ili athibitishe, badala ya kuacha namba yake pale.

Daftari la wakala wa M-PESA lilikuwa na hadithi hiyo hiyo. Tangu huduma hiyo ilipoanza Machi 2007, kwa miaka mingi mteja wa kuweka au kutoa pesa aliandikwa jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu kwenye kitabu kilicholala wazi juu ya kaunta. Malipo ya dukani nayo yalikuwa mwanya mwingine. Mtu aliyenunua sabuni na kulipa kwa till alimwachia mwenye duka jina lake na namba nzima, na wiki iliyofuata alitumiwa ujumbe wa bei nafuu. Safaricom, kampuni yenye huduma ya M-PESA, baadaye ilianza kuficha sehemu ya namba ya mteja kwenye malipo hayo, hatua ambayo imeziba mwanya mkubwa kuliko maonyo yote ya magazetini.

Juni 2021 Wakenya walipata ushahidi wa jinsi taarifa zao zinavyozunguka. Walipoangalia kwenye mtandao wa serikali, wengi walijikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya kisiasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mtu alikuwa na jina lao na namba zao za vitambulisho, na alizitumia bila kuwauliza. Anayeweza kumpata mwanachama wa chama kwa njia hiyo anaweza pia kumpata mteja wa bima.

Chimbuko jingine ni programu za mikopo ya simu. Baadhi yake zilipopakuliwa ziliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji. Mkopaji alibonyeza kukubali bila kusoma, na hapo namba za shangazi, imamu, mwalimu wa mtoto na fundi bomba zikaingia kwenye hazina ya kampuni. Mwishowe kuna laini zilizowahi kuwa na mwenyewe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni, na anayeinunua hurithi wadai na wauzaji wa mtu aliyemtangulia.

Kenya ina sheria kuhusu jambo hili, na ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia taarifa za mtu kwa biashara isipokuwa mtu huyo ametoa ridhaa ya wazi, au kuna sheria inayoruhusu na mwenyewe amearifiwa wakati taarifa zinachukuliwa. Kanuni za 2021 ziliongeza kwamba kila anayetangaza biashara kwa njia hii lazima ampe mteja njia rahisi ya kujiondoa, isiyo na gharama au yenye gharama ndogo sana. Kampuni ndogo nyingi zimesamehewa kujisajili kwa Kamishna, lakini ile ambayo kazi yake hasa ni kutafuta wateja kwa njia hii haikusamehewa, hata ikiwa na wafanyakazi watatu. Kabla ya hapo, kanuni za mawasiliano za 2010 zilikuwa zimeshakataza mashine kumpigia mtu matangazo bila yeye kukubali kwanza.

Utaratibu huu unatofautiana na wa nchi nyingine. Marekani ilianzisha mwaka 2003 orodha ya taifa ambayo mwananchi huandikisha namba yake ili wauzaji wasiipige. Uingereza ina orodha ya namna hiyo tangu 1999. Huko muuzaji anaweza kupiga mpaka mtu aseme hataki. Kenya haikujenga orodha ya aina hiyo; badala yake imemtaka muuzaji apate ridhaa kabla ya kupiga. Kwenye karatasi, ulinzi wa Kenya ni bora. Katika maisha ya kila siku unategemea mwenye simu kujua haki yake na kuitumia, maana hakuna mashine inayoitekeleza kwa niaba yake. Orodha ya Marekani nayo haijawazuia matapeli, ambao hawana haja ya kusoma orodha yoyote.

Silaha ya kwanza, basi, ni swali moja: namba yangu mmeipata wapi? Muuzaji halali analazimika kulijibu, kwa sababu sheria inampa kila mtu haki ya kuarifiwa taarifa zake zinatumika vipi, kupinga matumizi hayo, na kutaka zifutwe zikiwa zimewekwa bila msingi. Swali hilo lina faida nyingine: humtoa mpigaji kwenye maneno aliyokaririshwa. Watu wa pwani huona vigumu kumkatia mtu aliyewaamkia "shikamoo mama" kwa sauti ya unyenyekevu, na wakufunzi wa wauzaji wanalijua hilo vizuri sana. Si lazima mtu avunje adabu. Mazungumzo yanaweza kuwa mafupi hivi:

"Marahaba, mwanangu. Unapiga kutoka kampuni gani?"

"Tunatoka kampuni ya bima, mama. Tuna ofa nzuri ya..."

"Namba yangu mmeipata wapi?"

"Iko kwenye sistimu yetu, mama."

"Mimi sikuwapa. Naomba muiondoe, na msinipigie tena. Nimeandika namba yako na saa. Haya, siku njema."

Baada ya hapo hakuna kueleza kwa nini hutaki, kwa sababu kila sababu ina jibu kwenye karatasi ya muuzaji. Mwenye kusema "sina pesa sasa" ataambiwa alipe kidogo kidogo. Mwenye kusema "nitafikiria" atapigiwa tena Alhamisi. "Naomba muiondoe" halina jibu lililoandaliwa. Kinachofuata ni kuandika: tarehe, saa, namba iliyopiga, jina la kampuni na kilichosemwa. Picha ya skrini inayoonyesha orodha ya simu zilizoingia inatosha kuanzia. Kampuni ikijulikana, ombi hilo hilo litumwe kwa maandishi kwenye barua pepe yake ya huduma kwa wateja, ili lisije likakanwa baadaye.

Ujumbe wa matangazo ni rahisi kuliko simu. Kwa laini ya Safaricom, *456*9*5# huonyesha jinsi ya kuuzima, na matangazo mengi hubeba namba hiyo mwishoni. Inazuia ujumbe unaopita kwenye njia rasmi za matangazo. Ujumbe unaotumwa kutoka laini ya kawaida ya mtu binafsi haiugusi, na wauzaji wa chini kwa chini hutumia laini hizo makusudi.

Simu yenyewe nayo ina msaada wake. Karibu kila simu janja ina sehemu ya kufungia namba, na simu za iPhone tangu 2019 zinaweza kunyamazisha kila asiye kwenye orodha ya majina. WhatsApp iliongeza uwezo kama huo Juni 2023. Kwa wenye simu za kabambe, zisizo janja, baadhi zina orodha ya namba zilizokataliwa ndani ya mipangilio ya simu, ingawa nafasi zake ni chache. Kufungia namba moja moja kunafaa kwa anayepiga kila siku kwa namba ile ile. Hakufai kwa kampuni yenye laini 40, ambayo kesho itapiga kwa nyingine. Programu za kutambua wapigaji, kama Truecaller iliyoanzishwa Stockholm mwaka 2009, husaidia kwa sababu watumiaji wenyewe huzitia alama namba zinazosumbua. Fundi au wakala wa forodha anaweza kuona kabla ya kupokea kwamba namba hii wengi wameilalamikia. Ila mtu asome kwanza ruhusa inazoomba. Kukimbia wanaokusanya namba kwa kuwakabidhi wengine kitabu kizima cha majina kungekuwa biashara ya ajabu.

Tapeli ni suala tofauti, na hapa sheria ya ridhaa haina maana. Kenya nzima matapeli hawa wamepewa jina la Kamiti, kwa sababu baadhi ya kesi zilifuatiliwa hadi kwa wafungwa waliokuwa na simu ndani ya gereza kuu la Kamiti. Mbinu zao hujulikana: kuna anayejifanya mhudumu wa kampuni ya simu na kusema laini itafungwa usipobonyeza namba fulani; anayetuma ujumbe wa bandia wa M-PESA kisha kuomba kwa kilio arudishiwe pesa "alizotuma kimakosa"; na anayepiga mara moja kutoka msimbo wa nchi ya mbali na kukata, ili mtu arudishe simu kwa gharama kubwa. Safaricom imetangaza kuwa huwapigia wateja kwa namba 0722 000 000 pekee, kwa hiyo mhudumu wa namba nyingine akatiwe bila salamu ya kuaga. Namba ya tapeli inaweza kutumwa kwa ujumbe kwenda 333. Pesa zilizotumwa kweli kimakosa zina njia yake rasmi: ujumbe wa muamala hupelekwa 456, na kampuni ndiyo inayorudisha. Asiyechukua hatua hiyo na badala yake akalilia huruma ya mtu asiyemjua hastahili kuaminiwa.

Hatari kubwa zaidi ni simu inayotafuta namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa na majina ya watu wa mwisho waliotumiwa pesa. Kwa taarifa hizo tapeli hujaribu kuhamisha laini ya mtu kwenye kadi nyingine, na akifaulu huingia kwenye M-PESA na benki. Kwa laini za Safaricom, *100*100# humwezesha mwenye laini kuzuia isibadilishwe mahali pengine, na *106# humwonyesha laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tanzania ina *106# kwa kazi hiyo hiyo, na ujumbe wa utapeli hupelekwa namba 15040. Wazee wanaoishi peke yao ndio wanaolengwa zaidi. Mjukuu akipata nusu saa ya kuwapangia simu zao na kuwaambia kwamba hakuna mhudumu anayeuliza namba ya siri, atakuwa amefanya kazi ya maana kuliko kuwanunulia simu mpya.

Mdai wa deni la mtu mwingine ndiye aliyeiletea Afisi ya Kamishna kazi nyingi za mwanzo. Kampuni ya Whitepath, iliyokuwa ikikopesha kwa simu, ilipigwa faini ya shilingi milioni 5 Aprili 2023 baada ya malalamiko karibu 150, ambayo mengi yalitoka kwa watu waliopigiwa kwa kuwa tu majina yao yalikuwa kwenye simu ya mkopaji. Septemba mwaka huo kampuni ya Mulla Pride, iliyoendesha programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa simu na ujumbe wa vitisho uliotumia majina yaliyopatikana kwa watu wengine. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 pia zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwapigia watu waliomo kwenye kitabu cha majina cha mkopaji. Aliyepigiwa kuhusu deni la binamu yake hadaiwi chochote, halazimiki kufikisha ujumbe, na ana haki ya kulalamika kwa jina lake mwenyewe.

Malalamiko kwa Kamishna hayatozwi ada. Yanaweza kutolewa kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka yachunguzwe na kuamuliwa ndani ya siku 90. Kinachoyapa nguvu ni ile kumbukumbu ya tarehe na saa, pamoja na ushahidi kwamba kampuni iliombwa kuacha na haikuacha. Kamishna anaweza kuamuru kampuni iache, anaweza kuitoza faini, na aliyeathirika anaweza kulipwa fidia. Kiwango cha juu cha faini ya kiutawala ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, kile kilicho kidogo. Hapo sheria imelegea: kwa kampuni inayoingiza mabilioni, milioni 5 ni kama gharama ya matangazo ya wiki. Kwa hiyo malalamiko mengi dhidi ya kampuni moja yana uzito kuliko faini yenyewe, kwa sababu hukumu hutangazwa na jina la kampuni huandikwa.

Wapo wanaoamua kuwa na laini mbili. Moja hujulikana na familia, benki na M-PESA tu. Nyingine huandikwa kwenye madaftari ya geti, fomu za dukani na mabango ya kazi. Simu nyingi zinazouzwa Mombasa hubeba laini mbili, kwa hiyo mpango huu hauna gharama kubwa, na laini ya pili inaweza kunyamazishwa jioni bila hofu ya kukosa habari ya msiba.

Kubadilisha namba kabisa ni hatua ya mwisho, na ina mtego. Laini ya zamani ikiachwa itauzwa kwa mwingine, na mtu huyo ataanza kupokea nywila za uthibitisho za benki, za akaunti ya eCitizen na za barua pepe ambazo bado zimefungwa kwenye namba hiyo. Anayebadilisha ahamishe kila akaunti kwanza, atoe pesa zote za M-PESA na kulipa deni la Fuliza, mkopo wa M-PESA, kama lipo, kisha aiweke laini ya zamani hai kwa miezi kadhaa ndani ya simu ya akiba, akiitia vocha kidogo, mpaka pasiwe na ujumbe wowote wa maana unaoingia humo.